Nyota Iliyohama Herufi

Kuna wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa wakwe, na kuna wanaoogopa daktari wa meno. Bi Mistari aliogopa bahasha. Ilikuwa bahasha ya kaki isiyozidi ukubwa wa daftari la shule, nayo ilikaa droo ya kumi na nne ya kabati la chuma, hatua ishirini kutoka kiti chake. Tangu Jumatatu alikuwa akipita mbele ya droo ile mara nne tano kwa siku, na kila akipita alitazama ukuta wa upande wa pili, kama mtu anayemkwepa mchumba aliyemwacha. Leo ilikuwa Ijumaa na bado hakuwa ameifungua.

Msimcheke. Ngojeni kwanza niwaambie kazi yake, maana watu wakisikia fulani anafanya kazi kituo cha nyota, huanza kunyoosha kiganja wasomewe bahati. Majirani zake walimsumbua hivyo mpaka akachoka. Yule wa ng'ambo ya barabara alimletea hata tarehe ya kuzaliwa ya mumewe, eti aangaliwe kama ana mke mwingine. "Mimi si mpiga ramli," alimjibu. "Mimi nasoma mistari." Basi jina likamganda, Bi Mistari, kwanza mtaani, halafu na kazini, na ukimwita kwa jina aliloandikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa huenda asigeuke.

Na mistari yenyewe ni hivi. Usiku wapo vijana wanaoelekeza darubini angani na kupiga picha juu ya vioo. Hao hawatuhusu, usiku Bi Mistari alikuwa kwake amelala. Mbele ya darubini huwekwa kioo kinene chenye pembe, mwanga wa kila nyota ukipita pale unanyooka na kuwa mkanda mdogo, mfupi kuliko ukope wa jicho. Ndani ya mkanda ule mna mistari myeusi. Nyota moja ina mistari michache, nyingine imechanjwa chanjwa kama ubao wa kukatia nyama. Asubuhi kioo kinawekwa juu ya sanduku lenye taa, Bi Mistari anainamia na lenzi yake jichoni, anasoma mkanda mmoja baada ya mwingine, mia mbili, mia tatu kwa kioo kimoja, na kila nyota anaipa herufi.

Herufi ni saba: O, B, A, F, G, K, M. Mpangilio huo hauna adabu yoyote ya alfabeti, na usiniulize mimi, waliouanzisha waligombana wenyewe kwa wenyewe mpaka ukabaki hivyo. O ndizo zenye moto mkali kupita zote, rangi yake ya buluu. B zinafuata, kisha A nyeupe. Ukishuka F, ukashuka G, ndipo unalikuta jua letu, la manjano, la wastani tu. K ni za rangi ya chungwa, na M mwisho kabisa, nyekundu, zilizopoa kuliko nyingine zote. Mkuu wa zamani wa kituo, mzee aliyemfundisha kazi, alimpa sentensi ya kumsaidia kukumbuka: Oga Baba, Acha Fujo, Gari Kubwa Mlangoni. Bi Mistari aliicheka siku ile akiwa na miaka ishirini na minane, kisha akaitumia miaka thelathini na moja bila kuikosea.

Nyota elfu kumi na moja zilikuwa na herufi kwa mkono wake. Orodha ile ilichapwa kitabu, na kitabu kile kilifika mbali, kwa watu wenye darubini kubwa kuliko jengo lote la kituo, nao walikiamini. Bi Mistari mwenyewe hakuwahi kupanda ndege, hata basi la masafa marefu lilimtapisha.

Sasa turudi kwenye Jumatatu, siku hofu ilipomvaa.

Mkuu wa sasa, kijana mpole aliyekuwa akimwita mama, alikuwa amempa vioo vipya vya lile eneo la anga alilolisoma alipoanza kazi. Alitaka nyota zake zisomwe upya, zilinganishwe na orodha ya zamani, basi. Kazi ya kupoza kichwa hiyo. Bi Mistari alisoma safu ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, kila nyota ikakubaliana na kitabu. Alipofika nyota ya tatu ya safu ya saba akaona mistari tele, na miwili minene upande wa zambarau, ile ya kalsiamu ambayo hata mwanafunzi wa wiki moja haikosi. Akaandika G. Akafungua kitabu kuhakikisha. Kitabu kilisema B.

Akasoma tena. G. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu. G ile ile.

Mtu mwingine angesema ah, makosa hayo, akaendelea na kazi. Lakini B na G si majirani. B ni moto mara mbili ya G na zaidi, mkanda wake una mistari ya kuhesabu kwa vidole. Kuzichanganya ni sawa na kumpigia hodi jirani ukajikuta umeingia msikitini. Na wasoma vioo wana kosa moja la aibu, wao wenyewe huliita kurukia jirani: unasoma mkanda wa nyota hii, jicho linateleza, unaandika herufi yake kwenye namba ya nyota inayofuata. Ukiruka mara moja, safu nzima imesogea. Bi Mistari alikuwa amefundisha wasichana na wavulana wengi, na somo lake la kwanza lilikuwa hilo. Yeye hakuwahi kuruka. Akapima kwa rula, akahesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia. Nyota ya tatu, safu ya saba. Hakuruka.

Kwa hiyo yalibaki mambo matatu. Ama alikosea zamani, ama anakosea sasa, ama nyota yenyewe imebadilika.

Hilo la tatu ndilo alilolitamani, na ndilo lisilosemeka. Si kwamba nyota hazibadiliki. Huzaliwa kwenye mawingu ya gesi na vumbi yanayojikunja yenyewe mpaka yanawaka, huishi zikichoma haidrojeni, na huzeeka. Zile kubwa ni fujo tupu, zinateketeza kila kitu upesi na mwisho wake ni mlipuko. Zile ndogo nyekundu zinakula kidogo kidogo, umri wake hakuna wa kuuona mwisho. Za wastani kama jua letu zikizeeka huvimba, zikawa nyekundu, zikapukutisha matabaka yake ya nje, kikabaki kiini kidogo cheupe, kibete, kinachopoa polepole bila kusumbua mtu. Lakini yote hayo ni safari ya mamilioni na mabilioni ya miaka. Nyota ukiipa herufi leo, wajukuu wa wajukuu zako wataikuta na herufi hiyo hiyo. Yule mzee aliyemfundisha aliwahi kumwambia kwamba zipo chache mno, nyota zilizokwisha kazi na kuanza kujifia, ambazo moto wa ndani huzirudia mara ya mwisho, zikavimba na kupoa na kuhama herufi mtu akishuhudia kwa macho yake. "Mimi nimezisoma vitabuni tu," alisema mzee. "Ukiiona, niite hata kama nimekufa."

Dawa ilikuwepo, tena rahisi. Kile kioo cha kwanza, cha miaka thelathini na moja iliyopita, kilikuwa ndani ya ile bahasha ya kaki. Ukikitazama ukakuta B, umepona: hukukosea zamani, na nyota imehama. Ukikuta G, ulikosea tangu ujana na kitabu hakiaminiki tena; ukikuta kitu ambacho macho yako hayakubaliani nacho, basi kichwa kimeanza kuondoka. Hilo ndilo lililomfanya atazame ukuta.

Kwa maana kichwa cha mama yake kilianza hivyo hivyo. Mama yake alikuwa mshonaji, mikono ya dhahabu, watu walipanga foleni. Alipotimiza miaka hamsini na minane alishona gauni lenye mikono mitatu, akaulizwa, akasema ndivyo lilivyoagizwa. Watu walicheka. Bi Mistari naye alicheka, na kicheko kile hajajisamehe mpaka leo. Mwaka uliofuata birika lilikutwa kabatini katikati ya mashuka. Kisha ikawa kila jioni anafunga mlango, anahesabu mpaka tatu, anafungua kuhakikisha kama ameufunga. Na miaka sita ya mwisho alikuwa akimtazama bintiye aliyemlisha uji kwa kijiko, anamwambia kwa heshima zote, "Ahsante mwanangu. Wewe ni binti wa nani?"

Bi Mistari alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Sasa mnaelewa wiki ile ilivyokuwa. Jumanne akiosha vyombo alianza sentensi yake, Oga Baba, Acha Fujo, Gari, na baada ya gari hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe. Alisimama na sahani mkononi, maji yanatiririka, na neno halikuja. Lilikuja baada ya dakika nzima, lenyewe, akiwa ameshakata tamaa. Kubwa. Gari kubwa. Akaketi chini sakafuni pale pale jikoni.

Binti yake, mwalimu wa chekechea aliyerudi kuishi naye baada ya ndoa kumshinda, alimkuta hapo. "Mama, umeanguka?"

"Nimepumzika."

"Sakafuni?"

"Kwani sakafu ni ya nani? Si yangu?"

Binti akacheka, akamwinua. Hakujua kwamba mama yake alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Bi Mistari alitaka kumwambia. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini akimwambia, binti atamtazama kwa lile jicho ambalo yeye alimtazamia mama yake, jicho la kuhesabu makosa, na jicho hilo likishafunguka halifumbiki tena. Akayameza.

Mficha maradhi, mnajua wenyewe wanavyosema. Usiku alilala macho wazi akijihoji kama mwalimu mkali: mwaka gani uliolewa, mtaa gani ulizaliwa, mkuu wa kituo wa pili aliitwa nani. Alijibu yote sawasawa, na bado hakutulia, kwa sababu anayesahau hajui alichosahau. Huo ndio ubaya wake. Angekijua, asingekuwa amekisahau.

Ijumaa, saa nane mchana, mkuu alichungulia mlangoni. "Mama, ile safu ya saba naipata leo?"

"Leo leo, bosi."

Kijana akaenda zake. Bi Mistari alibaki amekodolea mlango, kisha akapiga moyo konde. Liwalo na liwe. Akainuka.

Kabati la vioo lilikuwa na mwenyewe, mgane wa makamo aliyeitwa Redio, maana akishawashwa asubuhi hazimiki mpaka jioni. Wakati huo alikuwa akisimulia habari ya goti la shemeji yake, hakuna aliyemuuliza, na alikuwa amefika kwa daktari wa tatu.

"Redio, nitolee droo ya kumi na nne."

Goti likabaki hapo hapo lilipofika.

"Dada," alisema, "una haraka nayo?"

"Kwani ina mwenyewe?"

"Hapana. Nilidhani tungekunywa chai kwanza."

"Nitolee, kaka. Nikiketi tena sitainuka."

Redio aliivuta droo. Ilikuwa na bahasha zaidi ya mia mbili, lakini vidole vyake havikutafuta, vilikwenda moja kwa moja, vikatoka nayo. Bi Mistari hakuliona hilo. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, akijiuliza kama atakivunja kioo kabla hajakisoma, na nusu ya moyo wake ikiomba kivunjike.

Alikitoa kwa kushika kingo, kama alivyofundisha wengine. Akakiweka juu ya sanduku la taa. Akaweka lenzi jichoni. Akahesabu safu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba, akahesabu nyota, ya kwanza, ya pili.

Ya tatu ilikuwa na mistari michache, safi, imepangika. Palipotakiwa kuwa na ile miwili minene hapakuwa na kitu cha kutisha, uzi tu.

B.

Alitazama mpaka jicho likatoka machozi. B, tena B ya darasani, hata kipofu angeipapasa. Hakukosea akiwa kijana, hakosei leo. Nyota ndiyo iliyohama. Ilikuwa kama mzee anayejizimikia, moto ukairudia, ikavimba, ikapoa, ikashuka kutoka B mpaka G katika umri wa ajira ya mwanamke mmoja, na mwanamke huyo ameishuhudia mwanzo na mwisho. Kichwa kiko sawa. Alicheka na kulia kwa pamoja, akasikia mabega yakishuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Redio, njoo usome. Safu ya saba, ya tatu. Sikuambii nilichoona, nataka jicho lako."

Redio hakusogea. "Ni B, dada."

"Hujatazama."

"Ni B. Na leo ni G. Nyota imehama."

Alilisema kwa upole mno, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Bi Mistari alimtazama. Kitu kikamwambia asiulize, nyamaza tu, rudisha kioo, kamilisha kazi. Akashika bahasha airudishie kioo. Na pale kituoni kuna sheria moja ambayo hata mkuu haivunji: anayetoa kioo anaandika juu ya bahasha tarehe na alama yake. Akachukua kalamu, akaigeuza bahasha.

Juu kabisa palikuwa na alama yake ya ujana, ile herufi yenye mkia mrefu, wino umepauka. Miaka thelathini na moja. Chini yake palikuwa na alama ile ile, mkia ule ule, ya mwezi wa tatu mwaka huu. Chini yake nyingine, mwezi wa tano. Nyingine, mwezi wa sita. Na ya mwisho, wino bado mweusi, ya siku kumi na tisa zilizopita.

Alisoma tarehe zile kama anavyosoma mikanda, moja moja, akatafuta kosa, akatafuta mwigo. Mwandiko ulikuwa wake. Akaingiza vidole ndani ya bahasha, na huko vikakutana na kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. Akakikunjua. Ulikuwa mwandiko wake pia, ila wa haraka: *Ni B. Hukukosea. Nyota ndiyo iliyohama. Mwambie mkuu leo, usingoje.*

Alikuwa amejiandikia mwenyewe. Maana yake siku ile, siku kumi na tisa nyuma, alijua.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Hii ya tano. Vile vioo vipya unavyo tangu mwezi wa tatu."

"Na kila mara naogopa hivi?"

Redio aliuma mdomo. "Kila mara, dada. Halafu unafurahi."

Huyo mtu asiyeweza kufunga mdomo juu ya goti la shemeji yake alikuwa ameyabeba haya miezi yote. Macho yalimjaa machozi. "Mara ya kwanza uliniapisha nisiseme mpaka uwe na hakika. Ya pili nikadhani unataka uhakika zaidi. Ya tatu ndipo nikaelewa. Nikikusemea nyota, lazima niseme na hili jingine, na mimi sikuweza. Ile ya mwisho uliandika hicho kikaratasi, ukaniambia unakwenda kunawa uso, ukitoka unakwenda moja kwa moja kwa mkuu. Nikakungoja hapa. Uliporudi ukaniuliza kama maji ya chai yameshachemka."

Bi Mistari aliketi. Chumba kilikuwa kile kile, sanduku la taa linawaka, kioo kimelala juu yake, feni inazunguka. Aliona hofu ya wiki nzima ilikuwa kitu kidogo, hofu ya mtu anayejiuliza. Hii ilikuwa ya mtu aliyejibiwa. Alimfikiria binti yake na kijiko cha uji. Alitaka kunawa uso. Alitaka sana kunawa uso, kukaa peke yake dakika mbili tu ajikusanye, na alipojisikia anataka, ndipo alipoogopa kwelikweli.

"Kaka, nishike mkono."

Redio akamshika.

"Tunakwenda kwa mkuu. Hatupiti popote. Nikikwambia nimesahau miwani, usiniachie. Nikikwambia lolote, usiniachie."

Walitoka hadi koridoni wakiwa wameshikana kama watoto wanaovuka barabara, yeye na bahasha kifuani. Ilikuwa korido fupi na siku ile haikuisha. Alitembea akisema kwa sauti ya chini, ilikuwa B, sasa ni G, ilikuwa B, sasa ni G, na wafagiaji wawili wakawapisha. Wakapita mlango wa maliwato. Mkono wa Redio ulikuwa umelowa jasho, au labda ulikuwa wake.

Mkuu aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi, akawatazama, akatazama mikono yao. "Mama? Kuna nini? Karibuni mketi."

"Siketi, mwanangu. Nina mambo mawili. Moja la nyota, moja langu."

"Haya. Tuanze na la nyota."

Bi Mistari aliweka bahasha mezani na kikaratasi juu yake, akakisukuma upande wa kijana. Kisha akaanza na lake, kwa sababu la nyota lilikuwa limeandikwa, na hili lake lilikuwa halijaandikwa popote.